Kitambaa Hakikufa, Uzi Ulikufa

Jioni ile nilikuwa nafunga pazia la kulia la boti, pazia nililolifunga mara elfu bila hata kulitazama, mkono ukaenda na zipu, turubai likabaki nyuma.

Hakukuwa na sauti. Kitambaa kikichanika hulia. Hiki kiliachia tu, kimya kimya, kuanzia kona ya juu hadi karibu nusu ya urefu, kama bahasha iliyogandishwa kwa mate. Upepo ukaingia mahali ambapo kwa miaka sita haukuwa umepita.

Niliketi palepale sitahani, kile kipande nimekiweka magotini. Nikakivuta kwa mikono miwili, kwa nguvu zangu zote, kikakataa. Rangi ya nje ilikuwa imepauka kidogo, lakini nilipokunjua pindo nikakuta rangi ya ndani ni ileile ya siku kilipofungwa. Kitambaa kizima, chenye afya zake. Kisha nikapitisha ukucha juu ya mshono wa pembeni, uliokuwa bado umeshika. Uzi ukakatika chini ya ukucha, mshono hadi mshono, tik, tik, tik, ukaniachia unga mweupe kidoleni.

Kitambaa hakikufa. Uzi ndio uliokufa.

Nilitembea na sentensi hiyo wiki tano. Nikiwa kazini inanijia, nikiwa kitandani inanijia, na kila inaponijia inakuja na swali: sasa mimi miaka sita iliyopita niliagiza nini hasa?

## Jioni mbili za kuchagua rangi

Ukweli ni kwamba nilipoagiza maturubai yale nilitumia jioni mbili nzima kuchagua rangi. Nilipewa kitabu cha vipande vya vitambaa, nikaviweka juani, nikaviweka kivulini, nikamwita jirani yangu wa gatini aje aseme kama buluu hii inaendana na mstari wa ubavuni. Jirani akasema inaendana. Nikauliza habari za kitambaa, nikajibiwa vizuri. Habari za uzi sikuuliza hata neno moja.

Na kitambaa kilikuwa kizuri kweli, siwezi kumsingizia mtu. Ni akriliki, kitambaa cha nyuzi za plastiki, ya aina ile inayotiwa rangi kabla nyuzi zenyewe hazijatengenezwa: rangi inachanganywa kwenye rojo, ndipo nyuzi zinavutwa. Wauzaji wote wana mfano mmoja wa kulieleza jambo hili, wa karoti na figili. Figili nyekundu ukiikwangua ni nyeupe ndani. Karoti ni karoti mpaka moyoni. Ndiyo maana jua linapata taabu kuifuta. Kampuni ya Glen Raven ya Marekani ilianza kuuza Sunbrella, kitambaa cha namna hiyo, mwaka 1961, kuchukua nafasi ya turubai la pamba ambalo likilowa na kukauka, likilowa na kukauka, mwisho wake ni kuoza. Leo kitambaa hicho cha baharini huja na dhamana ya miaka 10.

Dhamana ya kitambaa. Si ya mshono, si ya zipu, si ya siku mbili za fundi kupanda na kushuka botini. Karatasi yake ilikuwa kwenye faili langu muda wote huo, na nilivyoisoma safari hii nikajionea aibu, maana hakuna kilichofichwa humo. Mimi ndiye niliyesoma namba 10 nikafunga faili.

## Uzi ni uzi, bosi

Basi nikaanza kutafuta mafundi, na safari hii nikaanza na swali la uzi.

Fundi wa kwanza alicheka. "Uzi ni uzi, bosi." Nikamshukuru, nikaondoka. Sidhani kama alikuwa mtu mbaya. Alinijibu kama nilivyokuwa nikiuliza miaka sita iliyopita.

Uzi unaotumiwa na wengi ni wa polista, mnene, uliotiwa dawa ya kupambana na jua. Ukiwa mpya una nguvu kuliko unavyohitaji. Tatizo ni mahali unapokaa. Akriliki imefumwa kwa kubana sana, kwa hiyo mshono hauzami ndani ya kitambaa kama unavyozama kwenye shati. Unakaa juu, mgongo wazi, unapigwa na jua asubuhi mpaka jioni na kusuguliwa na kila kinachopita. Miaka michache inatosha kuumaliza. Mahali penye jua kali, upungufu unaanza mapema zaidi, na hauonekani kwa macho mpaka siku utakapopitisha ukucha.

Uzi wa pili unatengenezwa kwa PTFE, dutu ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula. Huu ukiwa mpya haushindi polista kwa kuvutwa. Ushindi wake ni mmoja tu: jua haliuli. Unaweza kukaa nje muda wote wa uhai wa kitambaa na kutoka ukiwa na nguvu zake.

Bei yake, sasa. Robota moja la uzi huo linagharimu mara kadhaa ya lile la polista, na ukiona namba hizo mbili zimewekwa pamoja moyo unaenda mbio.

Fundi wa pili, mama mmoja mwenye cherehani tatu na mikono ya mtu anayejua kazi, aliniambia wazi kwamba huo uzi anao lakini haupendi. "Unateleza, ndugu yangu. Ukifunga fundo linafunguka. Inabidi nilegeze cherehani, nijaribu, nibane, nijaribu tena, na mwisho wa kila mshono nirudi nyuma mara tatu ndio ushike." Kisha akanipa hoja ambayo ilinikalia kichwani siku nyingi: mbona nisishone kwa polista tu, nikakubali kwamba baada ya miaka kadhaa nitarudi kwake apitishe mishono upya kwenye kitambaa kilekile? Watu wengi hufanya hivyo. Si ujinga.

Nilikubaliana naye kwa siku tatu hivi.

Kilichonigeuza ni kukaa chini na kufikiria kurudia mishono kunamaanisha nini. Kuvua kila kitu. Kuosha, maana hakuna fundi anayetaka chumvi yako ndani ya mashine yake. Kufungua sehemu za zipu. Kupita na sindano kwenye matundu ya zamani au karibu nayo, mita kwa mita, na pale penye dirisha la plastiki kila tundu jipya ni pa kuanzia kuchanika. Halafu kuvalisha tena. Yote hiyo ni kazi ya mikono, na ukiigawa bei ya maturubai ya boti utaona kwamba mikono ndiyo inayokula sehemu kubwa. Uzi ni tone. Nilikuwa nabana tone ili nije nilipie ndoo.

Hata hivyo sikuwa na uhakika. Naandika hivi ili nisije nikaonekana niliyajua yote tangu mwanzo. Ule uzi wa ghali nilikuwa sijawahi kuuona ukizeeka. Nilikuwa naamini maneno ya watu.

## Bei tatu

Niliomba makadirio kwa mafundi watatu. Yalipofika, ya juu yalikaribia mara mbili ya ya chini, na yote matatu yalikuwa na mstari mmoja: kuzungushia boti turubai, paa na mapazia, pamoja na madirisha. Ukisoma hivyo unadhani watu wawili wanakuibia na mmoja ni malaika.

Nikawarudia wote kwa maswali yaleyale. Plastiki ya madirisha ina unene gani, na imekuja ikiwa bapa au ikiwa imeviringishwa? Zipu ya kampuni gani, ya meno au ya koili, ile ya uzi wa plastiki uliozungushwa? Vifungo vya chuma cha pua au vya shaba iliyopakwa nikeli? Kingo zinazosuguana na bomba mnaziwekea kiraka? Nani anaziba matundu ya skrubu, na kwa kitu gani? Na pateni, yaani kile kielelezo cha kukatia vipande, mkishamaliza, inabaki kwa nani?

Hilo la mwisho nilifundishwa na jirani yangu, ambaye dirisha lake moja lilitobolewa na ndoano. Fundi wake alikuwa amehifadhi pateni, akakata dirisha jipya bila kuja gatini. Kama pateni ingetupwa, kazi ingeanza upya.

Majibu yalipokuja, bei zikaanza kueleweka. Ya chini ilikuwa na plastiki nyembamba ya robota, polista, na vifungo vya shaba. Ya juu ilikuwa na karibu kila kitu cha daraja la juu, pamoja na vitu viwili ambavyo boti yangu haina pa kuviweka. Sikuona mwizi wala malaika, ila watu watatu waliokadiria vitu vitatu tofauti kwa sababu mimi sikuwa nimesema ninachotaka.

Niseme pia kwamba katikati ya hapo nilishawishika kununua seti iliyotumika, ya boti inayofanana na yangu. Urefu uleule, kiwanda kilekile. Nilikwenda kuijaribu. Paa lilikaa, nikafurahi; pazia la kwanza likakataa kwa upana wa kiganja. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walishasema, nami nilihitaji kusimama pale nikivuta turubai la mtu ndipo niwaelewe.

## Mzee aliyekataa kupima

Niliyemchagua mwishoni ndiye wa bei ya kati. Mzee, mpole, anaongea polepole. Alikuja asubuhi na kibegi chake, nikamkaribisha, akapanda, akashika bomba la fremu ya paa kwa mkono mmoja akalitikisa. Fremu yote ikayumba.

Akashuka.

"Mzee, mbona mapema?" nikamuuliza.

"Mwanangu, unataka nimpime suti mtu anayecheza ngoma? Kaza fremu kwanza. Ukishaikaza niite."

Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini siku ile. Lakini alipoondoka nikaitazama fremu kama aliyoitazama yeye, nikaona skrubu mbili za viungo zimelegea, mguu mmoja umepinda, na mikanda ya kuvutia mbele na nyuma imechoka. Kwa miaka sita turubai ndilo lililokuwa linaishikilia fremu, badala ya fremu kulishikilia turubai. Mshono uliokufa ulikuwa ukivutwa kila wimbi linapopita. Jua liliula uzi, lakini fremu ilikuwa inausubiri.

Nilinyoosha mguu ule, nikaongeza mihimili miwili ya bomba la chuma cha pua, nikafunga mikanda mipya. Wiki mbili baadaye akarudi, akatikisa, akaguna. Nilichukulia kwamba ni sifa.

Nilikuwa nimemwekea maturubai ya zamani yamekunjwa vizuri, nikidhani nitamrahisishia kazi: pima hivi, kata hivi. Aliyaweka pembeni. Turubai lililokaa miaka sita, alisema, limevutika mahali na kurudi mahali, na makosa ya fundi aliyelishona yamo ndani yake. Ukilifuata unashona makosa mara ya pili.

Akatoa robota la nailoni nyepesi yenye nyuzi za kuiimarisha ndani, inayoonyesha ng'ambo, na utepe wa gundi ya pande mbili. Akabandika utepe kwenye bomba na ukingoni mwa sitaha, akatandaza nailoni, akaivuta kutoka katikati kwenda pembeni mpaka mikunjo yote ikaisha. Ndipo akaanza kuandika juu yake kwa kalamu: hapa bomba, hapa zipu, hapa kifungo, hapa mwisho wa dirisha, juu ni huku, nje ni huku. Kila sentimita chache alichora kistari kidogo kinachovuka kutoka kipande kimoja kwenda cha jirani, ili mezani vipande viwili vikikutana vistari vilingane. Nilitazama kwa saa nne na hakutumia futikamba zaidi ya mara mbili.

Alipomaliza upande wa kulia nikamwambia basi, kushoto ageuze tu pateni. Akanitazama kwa huruma. Akaichukua ile nailoni, akaigeuza, akaipandisha upande wa kushoto. Ilipungua vidole viwili kwenye kona ya nyuma.

"Hakuna boti yenye mashavu sawa," akasema, akakata nailoni nyingine.

## Plastiki inayoungua na mtu asiione

Madirisha nitayapitia haraka, ingawa ndiyo yanayoonekana kwanza. Plastiki laini ya kuviringishwa ni nafuu, na ukitazama kupitia humo taa za gatini zinacheza. Ile inayokuja ikiwa bapa, iliyosuguliwa kwa kukandamizwa, inaonyesha karibu kama kioo. Nilichagua ya milimita 1 kwa mbele, mahali ninapotazama nikiendesha, na nyembamba kidogo, robo tatu ya milimita, kwa pembeni ninapokunja mara kwa mara. Plastiki ngumu ya polikaboneti ingeonyesha vizuri zaidi, lakini haikunjiki, na boti yangu haina kabati la kuhifadhi vipande vya upana ule.

Kilichonishangaza ni maadui wa kitu hiki. Bomba la chuma lililochomwa na jua likigusa plastiki saa nyingi huichoma. Linaacha mstari wa kahawia usiotoka, ndiyo maana fundi mzuri huweka kitambaa kati ya bomba na dirisha. Dawa ya kusafishia vioo yenye amonia huipofusha. Na mafuta ya kujikinga na jua, na dawa ya kufukuza mbu: mgeni wako anaegemea dirisha dakika mbili akiwa amejipaka, na alama ya kiwiko chake inabaki hapo. Mimi ninayo moja kwenye dirisha la zamani, nilikuwa sijui ni ya nini.

## "Humo ndani utakuwa na nani?"

Hili ndilo swali lililobadilisha oda yangu.

Tulikuwa tumefika kwenye pazia la nyuma. Nilimweleza mzee ninavyotaka: nyuma pafungwe kabisa, na mbele pafungwe kabisa, boti iwe kama chumba. Mvua ikinyesha, tuwe tumekaa humo kavu, injini inanguruma, tunakwenda zetu. Nilikuwa na picha hiyo kichwani tangu siku mshono ulipoachia, na nadhani ndiyo iliyokuwa inanipa moyo wa kulipa.

Akauliza, "Humo ndani utakuwa na nani?"

"Familia."

"Na moshi."

Sikuelewa. Akanieleza kwa mkono, akichora hewani. Boti ikienda mbele, hewa inapita juu ya paa na pembeni, na nyuma ya paa panabaki mahali penye mvuto, kama nyuma ya lori. Moshi wa bomba la kutolea hauendi zake. Unavutwa urudi ndani. Ukiwa umefunga mbele na kuacha mwanya nyuma, umejenga chombo cha kukusanya moshi. Na ndani ya moshi wa injini, hasa ya petroli, kuna kaboni monoksidi, gesi inayoua, ambayo haina rangi wala harufu.

Nilikuwa nimewahi kusikia jambo hili kuhusu magari na majenereta. Kwamba turubai langu zuri, lisilopitisha hata tone, lingeweza kufanya kazi hiyohiyo, sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

Kilichoninyima usingizi usiku ule ni dalili zake. Kichwa kuuma. Kizunguzungu. Kichefuchefu. Ukiwa baharini na mtoto akakwambia anasikia kichefuchefu, utamfanyaje? Utamlaza ndani, kwenye kona yenye joto, utamfunika, utamwambia ni mawimbi.

Nilimpigia simu mzee asubuhi, tukafuta nusu ya nilichokuwa nimeagiza.

Dirisha la mbele la katikati sasa lina zipu pande zake na linakunjwa juu, kwa sababu mbele pakifunguka hewa inapita ndani na kuusukuma moshi utoke. Pazia la nyuma linaviringishwa na kufungwa kwa mikanda, na tuna sheria ya boti: injini ikiwaka, la nyuma liko juu, na mbele pako wazi walau mkono mmoja, mvua inyeshe isinyeshe. Kila pazia lina zipu yenye kishikio ndani na nje, maana nilijiuliza boti ikilala ubavu nitatokea wapi, na kwa oda ya kwanza jibu lilikuwa hakuna. Nikanunua na king'ora cha gesi hiyo, nikakifunga karibu na tunapolala.

Kwa hiyo tukiwa safarini na mvua, tunalowa kidogo. Nilikwenda kwa fundi kutafuta boti isiyolowa, nikarudi nimelipia boti inayoingiza maji kwa makusudi. Mke wangu ananicheka kwa hilo mpaka leo.

## Matundu

Kila kifungo cha sitahani ni tundu kwenye boti yako. Sitaha yangu ni ya faiba juu na chini, na katikati kuna mbao nyepesi ya balsa. Maji yakipita kwenye skrubu iliyokazwa bila kuzibwa yananywewa na ile mbao, na unakuja kujua miaka mingi baadaye, sitaha inapobonyea chini ya kisigino. Seti ya kwanza ilikuwa na vifungo vya kubonyeza 38. Nilivifungua vyote kimoja kimoja. Kumi na moja havikuwa na dalili ya gundi yoyote. Skrubu zilitoka na ute wa kahawia.

Sitasema ni nani aliyezikaza. Alikuwa ananishonea turubai, na alifanya kazi ya turubai.

Nilitumia siku mbili kukausha, kupanua matundu, kujaza gundi ya epoksi, kusubiri igande, kisha kutoboa katikati ya gundi yenyewe. Mzee naye akapunguza vifungo kwa kutumia reli nyembamba upande wa mbele, ambako kamba iliyoshonewa ukingoni mwa turubai inateleza ndani yake. Matundu yakapungua, na maji hayana pa kupenya chini ya ukingo.

## Siku ya kuvalisha

Maturubai yalikuja asubuhi ya baridi yakiwa yamekunjwa ndani ya shuka. Zipu za mistari iliyonyooka ni za meno makubwa ya plastiki, na zile za kona ni za koili kwa sababu koili hupinda vizuri. Juu ya zote kuna mkunjo wa kitambaa wa kuzizibia jua. Paa likakaa. Mapazia mawili yakakaa. La tatu, la nyuma kushoto, lile lenye vidole viwili vyake, likagoma. Zipu ilikuwa na pengo la sentimita moja, nikaanza kulivuta kwa hasira.

"Acha," mzee akasema. "Ngoja jua."

Tukakaa sitahani tukisubiri. Karibu na saa tano plastiki ilikuwa imepata joto na kulegea. Akaisogeza kwa kidole na kichwa cha zipu kikateleza mpaka chini bila kelele. Akasema pazia linaloingia kirahisi siku ya kwanza litapwaya baada ya miezi mitatu. Akanionyesha pia jinsi ya kusuuza zipu kwa maji yasiyo na chumvi kila nikirudi, kwa sababu kinachokufa kwanza kwenye zipu ni kichwa chake, chumvi ikiganda ndani. Na kwamba kichwa peke yake hubadilishwa, zipu nzima isitupwe. Sabuni laini kwa kitambaa, maji ya vuguvugu, hakuna maji moto. Upepo mkubwa ukitangazwa, vua. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nne, na hakuna mshono ulioshonwa kwa hesabu hiyo.

Alipokuwa anakusanya vitu vyake nilimuuliza swali lililokuwa limenikaa tangu mwanzo: yeye mwenyewe ameuona ule uzi wa ghali ukifika mwisho wa kitambaa? Hakujibu. Alivuta kipande cha huo uzi kutoka kwenye kibegi, urefu wa mkono, na kipande kingine cha polista, akavifunga vyote viwili kwenye reli ya nyuma, kimoja kando ya kingine, mahali pasipo na kivuli. Ule wa kuteleza aliufunga mafundo manne.

Vimekaa pale miezi minne sasa. Kila nikishuka botini navipitishia ukucha, kwanza kimoja, halafu kingine. Bado vyote vinashika.